MVUA HAINGOJI JUMAPILI



Kila mwaka, Machi inapofika katikati, watu wa kambi huulizana swali moja: tupande sasa au tungoje kidogo? Swali hili liko katika kambi za wakata miwa wa Lugazi, Kakira na Kinyara. Liko katika nyumba za wachumaji chai wa Kabarole na Bushenyi. Liko hata kwa ndugu zetu wa viwanda vya Jinja, ambao mchana wamesimama kwenye mashine na huku akili zao ziko kwenye robo eka ya mahindi waliyoikodi nje ya mji. Wengine wanasema hayo ni mambo ya wakulima, chama cha wafanyakazi hayakihusu. Sisi tunasema yanakihusu sana, na katika makala haya tunataka kueleza kwa nini.

Jua na mvua zake

Tarehe 20 au 21 Machi jua la adhuhuri husimama juu kabisa ya mstari wa ikweta, ule unaokatiza barabara ya Kampala na Masaka pale Kayabwe. Kwa wenzetu wa Ulaya siku hiyo ni mwanzo wa majira ya kuchipua, theluji huyeyuka na watunza bustani hutoa majembe yao. Sisi hatuna theluji, lakini nasi tuna majira yetu ya kuchipua. Ukanda wa mvua hulifuata jua kutoka kusini kwenda kaskazini, ukichelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu katika sehemu za kusini na katikati ya Uganda mvua huanza Machi, hufikia kilele chake Aprili, na hupungua kuanzia mwisho wa Mei. Waganda huziita ttoggo. Ndugu zetu Wanyarwanda huziita itumba. Watu wa pwani huziita masika. Majina ni mengi, jua ni moja.

Lakini mvua hizi hazigawiwi sawasawa. Kando ya Ziwa Viktoria, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri ngurumo huanza kwenye vilima. Usiku mambo hugeuka, na dhoruba nyingi huwa juu ya ziwa lenyewe, kama wavuvi wajuavyo. Kaskazini, kwa upande wa Arua, Gulu na Lira, mvua kwa kawaida huanza Aprili na kuendelea mpaka Oktoba au Novemba. Huko mtu akichelewa wiki tatu bado ana miezi mbele yake.

Jambo hili lina maana kubwa katika kambi zetu, kwa sababu kambi ni mkusanyiko wa watu kutoka kila upande. Yuko aliyetoka West Nile, yuko wa Kigezi, yuko Mnyarwanda, yuko Mkongomani. Kila mmoja amekuja na kalenda ya baba yake kichwani. Ndugu wa Arua aliyeajiriwa Busoga akipanda mahindi mwisho wa Aprili kama walivyozoea kwao, atapata majani mazuri na magunzi matupu. Kosa si uvivu. Kosa ni kwamba kalenda ya kwao haifai hapa, na hakuna aliyemwambia.

Hesabu ya siku

Tufanye hesabu ndogo. Mahindi ya aina nyingi tunazopanda hutoa mbelewele baada ya siku 60 hivi na kidogo, na huo ndio wakati yanapotaka maji kuliko wakati mwingine wowote. Ukipanda tarehe 15 Machi, mbelewele zitatoka katikati ya Mei, mvua zikiwa bado zipo. Ukipanda tarehe 15 Aprili, zitatoka katikati ya Juni, ambapo katika sehemu nyingi za kusini ardhi imeanza kukauka. Mbegu ni ile ile, ardhi ni ile ile, jembe ni lile lile. Tofauti ni mwezi mmoja, na mwezi huo ndio posho ya watoto.

Basi mtu atasema, tupande mapema tu, siku ile tone la kwanza linapoanguka. Nalo ni hatari. Mara nyingi mwanzoni mwa Machi hunyesha mvua ya siku moja au mbili, watu wakafurahi, wakapanda, kisha jua kali likafuata siku kumi au zaidi. Mbegu huota nusu na kufa. Wataalamu wa hali ya hewa kwa hesabu zao huona kwamba msimu umeanza pale inapopatikana mvua ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache, bila kufuatiwa na kiangazi kirefu. Mfanyakazi asiye na kipimo anaweza kuchimba kwa panga: udongo ukiwa umelowa mpaka kina cha sentimita 15 hivi, mahindi na maharage yanaweza kuingia ardhini. Ukiwa umelowa juu tu na chini ni vumbi, ngoja. Hata kopo lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, na maji yake kupimwa kwa rula, litakupa milimita zako.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la haki. Mashamba makubwa ya chai na miwa yana vipimo vya mvua. Kila asubuhi kuna mtu anayekwenda kusoma kipimo na kuandika katika kitabu, na katika mashamba ya zamani vitabu hivyo ni vya miaka mingi sana. Meneja akitaka kujua mvua za mahali hapa huanza lini, anafungua kitabu. Mfanyakazi anayeishi mita mia tano kutoka kwenye kipimo hicho hicho anatazama mawingu na kubahatisha. Anayesoma kipimo ni mfanyakazi, wino ni wa kazi yetu, lakini habari inafungiwa ofisini. Sisi hatuoni sababu.

Kusoma utabiri

Kuna utabiri pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa utabiri wa Machi, Aprili na Mei kabla ya msimu, na kisha utabiri wa siku kumi kumi. Kwa nchi zetu zote za jirani kuna kituo cha ICPAC, huko Kenya, ambacho hukutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika ya Mashariki kabla ya kila msimu. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1998. Habari zipo, ila hufika kambini zimekwisha kugeuzwa: mmoja amesikia redioni kwamba "mvua itazidi", mwingine amesikia "mvua itapungua", na wote wawili wamesikia utabiri mmoja.

Tueleze. Wataalamu hugawa miaka iliyopita katika mafungu matatu: ya mvua nyingi, ya mvua ya kawaida na ya mvua haba. Kama hawajui chochote, kila fungu lingepewa nafasi sawa, yaani asilimia 33 hivi. Wakisema kuna nafasi ya asilimia 45 ya mvua kuzidi kiasi, hawasemi kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Wanasema mzani umeinamia upande wa mvua nyingi, lakini pande nyingine mbili zikijumlishwa bado ni nzito zaidi. Mtu mwenye busara hupanga shamba lake kwa kufuata upande ulioinama, ila hatumii mbegu zake zote kwa siku moja.

Aidha inafaa tujue kwamba mvua za Machi hadi Mei ni ngumu kutabiri mapema kuliko zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo hufuata sana joto la bahari kuu. Kwa hiyo utabiri wa miezi mitatu usituzubaishe. Utabiri wa siku kumi, pamoja na kipimo cha mvua cha hapo hapo shambani, una faida zaidi kwa mtu mwenye jembe.

Na tusidhani kwamba hali ya jirani ni hali yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ndugu zetu wa Zambia na Malawi walikuwa katika ukame mkali, serikali ya Zambia ikautangaza kuwa janga la taifa mwisho wa Februari, na Malawi ikafuata Machi. Wiki chache baadaye Kenya, Tanzania na Burundi zilikuwa ndani ya mafuriko, na Mei 2024 maji ya Ziwa Viktoria yakapanda kupita rekodi ya mwaka 2020, ambayo nayo ilikuwa imeipita ile ya mwaka 1964. Kabla ya hapo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020, sehemu kubwa za Pembe ya Afrika zilikosa mvua kwa misimu mitano mfululizo. Mambo haya yanatufundisha kwamba kalenda ya babu bado ina thamani, lakini haitoshi tena peke yake.

Kwa nini mfanyakazi ana jembe

Sasa turudi kwa wale wanaosema chama kidai mshahara na kiachane na maharage. Tunawaelewa. Hata sisi tungependa mshahara utoshe kununua posho, maharage, mboga na sukari, na jembe liwe la kupumzisha akili. Lakini tuseme ukweli. Kima cha chini cha mshahara cha kisheria nchini Uganda kilipangwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa miongo minne hakikubadilishwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, na Rais akakataa kuutia sahihi. Wafanyakazi walio katika mikataba ya pamoja hupata zaidi ya hapo kwa sababu ya vyama vyao, si kwa sababu ya sheria. Na bado chungu hakijai. Kinachojaza nafasi iliyobaki ni ile robo eka, tena mara nyingi kwa mikono ya akina mama, ambao wengi wao wamechuma chai mchana kutwa kabla ya kushika jembe jioni.

Kwa hiyo tunapolima bustani zetu tunamfanyia mwajiri jambo ambalo halionekani katika vitabu vyake. Tunailisha nguvu kazi yake kwa gharama yetu wenyewe. Hilo lina pande mbili, na chama lazima kiziangalie zote. Upande mmoja, tusikubali kamwe bustani iwe kisingizio cha kupunja mshahara: "nyinyi mna mashamba yenu, mnataka nini zaidi?" Upande mwingine, maadamu bustani ndiyo inayomweka mfanyakazi hai, basi saa za kupanda ni sehemu ya masharti ya kazi, sawa na buti na matibabu.

Na hapa ndipo penye mgongano mkubwa. Mvua inapoanza, chai huchipua kwa wingi na wachumaji hutakiwa kila siku, pengine mpaka jioni. Mvua ile ile inayoita jani la chai ndiyo inayoita mbegu ya mhindi. Kwenye miwa mambo ni kinyume: barabara za shamba hugeuka matope, malori hukwama, na mkata miwa anayelipwa kwa kipande hurudi kambini mikono mitupu. Mmoja hana saa ya kupanda, mwingine ana saa lakini hana fedha ya mbegu. Mfanyakazi ana siku moja ya mapumziko kwa wiki, na mvua haingoji Jumapili.

Nini hutokea? Watu hutoroka. Mtu hukosa kazi siku mbili bila ruhusa ili apande. Mnyapara anaandika "hayupo", siku zake zinakatwa, na ikiwa ni kibarua huenda asipate kazi tena. Mwajiri amepoteza mchumaji bila taarifa, mfanyakazi amepoteza mshahara, na wote wawili wanalaumiana. Wenye mashamba hutuambia kwamba hawawezi kuwaachia watu wakati jani limejaa. Sisi tunauliza: hivi sasa si mnawapoteza hao hao, tena bila kujua ni nani na ni lini? Ni afadhali zamu iliyopangwa kuliko utoro usiopangwa.

Tunayopendekeza

Matawi yetu yanapokwenda kuzungumza mkataba wa pamoja, yasisahau mambo haya.

Kwanza, kitabu cha mvua kiwe wazi. Tarakimu za kipimo cha shamba zibandikwe kila wiki kwenye ubao, pale majina yanaposomwa asubuhi, pamoja na utabiri wa siku kumi. Uandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kambi, na mwakilishi wa kazini ausome kwa sauti, maana si kila mmoja wetu anajua kusoma. Jambo hili halimgharimu mwajiri hata senti moja.

Pili, siku mbili za kupanda kwa zamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, na wakati wa kuichukua ni jambo la kukubaliana kati ya pande mbili. Basi tukubaliane. Kila genge litoe watu wachache kwa siku katika wiki mbili za kwanza za msimu, mpaka wote wamepanda. Kiwanda hakitasimama. Na wale vibarua wasio na likizo, tuwakumbushe waajiri Kanuni za Ajira za mwaka 2011, zinazosema kwamba mtu asiwekwe katika ukibarua zaidi ya miezi minne. Anayevuka hapo ana haki za mfanyakazi, likizo ikiwamo.

Tatu, mbegu. Mbegu bandia zimejaa madukani, na mtu anayenunua kilo mbili peke yake hana nguvu ya kulalamika. Tawi likiagiza mbegu za wanachama wote kwa pamoja mwezi Februari, kupitia chama chetu cha akiba na mikopo, litapata bei nzuri na litajua ni nani wa kumshika. Mkata miwa aliyekaa bila kipande kwa sababu ya matope atalipa malori yakianza kutembea tena.

Nne, mahali pa kukausha. Mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa Julai, na mara nyingi manyunyu huyakuta uani. Mahindi yasiyokauka huota kuvu, na sumukuvu haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu yake. Tunaomba sakafu ya saruji au maturubai kwa kila kambi. Na tujifunze kipimo cha chumvi: weka chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu yenye mahindi, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

Tano, na hili hatutaki kulijadili kwa bei, ni radi. Nchi hii ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi kabisa. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa wakisali katika kambi ya wakimbizi ya Palabek. Mchumaji chai juu ya kilima alasiri ya Aprili ndiye mtu mrefu kuliko vyote vinavyomzunguka. Kanuni ni nyepesi: ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 30, kazi isimame. Watu waingie katika jengo imara au ndani ya lori lililofungwa, wala si chini ya mti wa kivuli au kibanda kisicho na kuta. Wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 184 wa mwaka 2001 unatambua haki ya mfanyakazi wa kilimo kujiondoa penye hatari kubwa inayokaribia. Lakini haki hiyo ni karatasi tupu ikiwa anayejiondoa anakatwa kilo zake. Saa za radi zilipwe.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Ndugu, si kila jambo linangoja mazungumzo. Tawi linaweza leo kuweka kopo la mvua lake lenyewe na daftari la shilingi chache. Wazee wa kambi wanaweza kukaa na wageni na kuwaambia mvua za hapa huanza lini na kuisha lini. Anayelima ukingo wa mto au mtelemko mkali aonywe kabla ya Aprili. Machi mosi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa, mvua zikiwa zinaanza tu, na huko Kasese mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Maharage yatapandwa tena, mtu hapandwi.

Mshahara tutaudai, na tutaendelea kuudai mpaka jembe liwe hiari. Hadi siku hiyo, chama kinachojua bei ya sukari lakini hakijui siku ya kupanda hakijawajua wanachama wake. Wawakilishi wote wa kazini walete mambo haya matano katika mkutano wa tawi kabla ya mwisho wa Januari, ili barua zifike kwa waajiri mwezi Februari. Machi itakuwa tumechelewa.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.